Sadaka na Mlungula: Kanisa la Kikristo na Vita Dhidi ya Ufisadi Serikalini nchini Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhima ya makanisa ya Kikristo katika kupambana na ufisadi serikalini nchini Kenya baina ya 1986 na 2025. Hoja yetu kuu ni kwamba uwezo wa kanisa wa kuikosoa serikali haukutokana na wingi wa waumini wake wala ukali wa matamko yake. Ulitokana na mambo mawili: ujasiri wa kuliita tendo kwa jina lake, na uhuru wa kanisa kutokana na fedha za wale linaowakosoa. Makala yanaonyesha pia kwamba msamiati wa utoaji katika Kiswahili, hususan maneno sadaka, mchango na harambee, umetumika kusitiri jambo ambalo kanisa lenyewe hulilaani linapoitwa rushwa.

1.0 Utangulizi

Uhusiano baina ya kanisa na dola katika Afrika ya Mashariki umekwisha kujadiliwa kwa mapana na wanahistoria, wanateolojia na wataalamu wa siasa. Katika makala haya tunakusudia kuutazama uhusiano huo kwa jicho la lugha, kwa kuwa rushwa ni tendo lisilopenda kutajwa. Mtoaji na mpokeaji wote wawili huhitaji neno jingine la kulifunika, na neno hilo hulipata katika akiba ya maneno ambayo jamii inayaheshimu.

Kenya ni mfano unaofaa kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi ambayo raia wengi mno ni Wakristo. Afisa anayedai kitu, raia anayekitoa na mhubiri anayekikemea aghalabu hukutana chini ya paa moja siku ya Jumapili. Pili, makanisa ya Kenya yana historia ndefu ya kusimama mbele ya serikali, na historia ndefu vilevile ya kuketi pamoja nayo. Swali linalotukabili ni hili: ni katika mazingira gani kanisa liliweza kuwa mshtaki wa kuaminiwa, na ni katika mazingira gani shtaka lake lilipoteza makali?

Ifahamike kwamba hatukusudii kuitetea wala kuishutumu imani yoyote. Tunalichukulia kanisa kama asasi ya kijamii yenye shule, hospitali, mali na lugha yake.

2.0 Msamiati wa kupokea na kutoa

Neno rushwa lilitoka katika Kiarabu, na tangu mwanzo lilibeba maana ya malipo ya kupotosha haki. Hivyo halina utata mkubwa. Neno hongo lina historia tofauti. Katika njia za misafara ya karne ya kumi na tisa, hongo ilikuwa ada ambayo msafara ulimlipa mtawala wa mahali ili upewe ruhusa ya kupita katika nchi yake. Iliweza kuwa nzito na ya kuudhi, lakini ilitolewa wazi na kujadiliwa wazi. Leo neno hilo hutaja malipo yanayotolewa kwa siri kwa mtu asiye na haki ya kuyadai. Yaani ada ya kupita imebaki, bali mlango ni wa ofisi ya umma.

Neno ufisadi nalo limepanuka. Katika matumizi ya zamani, fisadi alikuwa mtu mwovu, mharibifu, na hasa mwasherati. Matumizi ya sasa, yanayotaja uporaji wa mali ya umma, yameongeza maana pasipo kuifuta ile ya kwanza. Jambo hili si dogo kwa mhubiri. Anapotamka neno fisadi mimbarini, msikilizaji husikia dhambi na jinai kwa pamoja.

Pembeni mwa maneno haya makali yapo maneno laini: chai, kitu kidogo, mlungula, shukrani. Methali pia zimeingizwa katika kazi hiyo. Penye udhia penyeza rupia ni ushauri wa wazi kwa mtu aliyekwama. Mkono mtupu haulambwi hutajwa mara nyingi na mtu anayetaka kupewa bila kuonekana anaomba. Mfano wa wazi zaidi wa ulainishaji huu unapatikana nchini Tanzania. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliutengua utaratibu huo kwa kuwa ulikuwa kinyume cha katiba. Mahakama ililazimika kuamua kama neno la heshima linaweza kubadili asili ya tendo, na jibu lake lilikuwa hapana.

Nchini Kenya neno lililofanya kazi kama hiyo ni harambee. Kuanzia uhuru wa 1963 neno hili, lililokuwa mwito wa watu wanaovuta au kuinua mzigo kwa pamoja, lilifanywa kaulimbiu ya taifa. Kwa njia ya harambee wananchi walijenga shule, zahanati na makanisa. Lakini kadiri miaka ilivyopita, mchango wa mwanasiasa ulianza kuufunika mchango wa wengi, naye mgeni wa heshima akawa ndiye kipimo cha mafanikio ya hafla. Ni hapa ambapo msamiati wa sadaka na msamiati wa siasa vilianza kukutana.

3.0 Mimbari kama mahali pa mashtaka, 1986–1992

Mwaka 1982 Kenya ilifanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja, yaani KANU. Mikutano ya hadhara ilihitaji kibali cha serikali. Ibada haikuhitaji. Kwa hiyo mimbari ikawa mojawapo ya sehemu chache ambapo mtu angeweza kuzungumza mbele ya mamia ya watu bila kumwomba ruhusa mkuu wa wilaya. Nguvu ya kanisa katika miaka hii ilianzia katika ukweli huu wa kawaida kabla ya kufikia suala lolote la kiteolojia.

Mwaka 1986 KANU iliamua kwamba wagombea wateuliwe kwa wapiga kura kupanga foleni nyuma yao au nyuma ya picha zao, utaratibu uliojulikana kama mlolongo. Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) lilipinga. Katika uchaguzi wa 1988, aliyepata asilimia 70 au zaidi katika mlolongo alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila kupingwa, na malalamiko yalienea kwamba mahali kadha foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu. Gazeti la NCCK lililoitwa Beyond liliandika juu ya udanganyifu huo, likapigwa marufuku mwaka uo huo, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa.

Huenda msomaji akauliza, mlolongo unahusiana vipi na ufisadi? Uhusiano wake ni wa moja kwa moja. Kiongozi aliyepata kiti kwa hesabu ya uongo hana deni kwa wapiga kura. Deni lake ni kwa wale waliohesabu, na deni hilo hulipwa kwa kandarasi, kwa viwanja na kwa vyeo. Kura iliyoibwa huwa mlango wa hazina. Kashfa ya Goldenberg, ambamo mabilioni ya shilingi yalilipwa kama ruzuku ya mauzo ya dhahabu ambayo kwa sehemu kubwa haikuwapo, ilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati bunge lililotokana na mlolongo lilipokuwa madarakani.

Mfano bora wa namna mimbari ilivyofanya kazi ni mahubiri ya Askofu David Gitari wa Kanisa la Anglikana huko Nyeri mwezi Juni 1987, yaliyotoka katika sura ya 6 ya kitabu cha Danieli. Watu wengi huikumbuka sura hiyo kwa ajili ya tundu la simba. Hata hivyo mwanzo wake ni habari ya utawala. Mfalme anaweka maliwali katika majimbo, na juu yao anaweka wasimamizi watatu ili asipate hasara. Danieli ni mmoja wa hao watatu. Wenzake wanamchunguza ili wapate kosa katika utumishi wake na wanalikosa, na kwa sababu hiyo wanatunga sheria ya kumnasa. Mbele ya wasikilizaji wa 1987 matini hayo hayakuhitaji nyongeza kubwa: afisa mwaminifu, wenzake wanaochukizwa na uaminifu wake, na sheria iliyoharakishwa kwa faida ya wachache. Mhubiri hakumtaja waziri yeyote kwa jina, lakini mahubiri yalizua hasira miongoni mwa wanasiasa. Walioyakasirikia ndio waliojitambulisha.

Gharama haikuwa ndogo. Mwezi Aprili 1989 nyumba ya Gitari ilivamiwa usiku. Mwezi Agosti 1990 Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikufa katika ajali ya barabarani akirejea kutoka Busia, siku chache baada ya waziri Peter Okondo kumwonya hadharani kwamba akifika huko hatatoka hai. Waziri huyo alijiuzulu. Mapema mwaka uo huo, katika mahubiri ya mwaka mpya, Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri alikuwa ameyafananisha mabadiliko ya Ulaya ya Mashariki na hali ya Afrika, na kuhoji mustakabali wa chama kimoja. Mlolongo uliachwa baadaye mwaka 1990, na Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichohalalisha chama kimoja, kilifutwa. Mabadiliko haya yalikuwa na wazazi wengi, wakiwamo wanasheria, wanasiasa wa upinzani na wafadhili wa kigeni. Lakini ni vigumu kuyaeleza bila kuitaja mimbari.

Aidha, tusiseme kanisa lilikuwa kauli moja. Kanisa la Africa Inland, ambalo Rais Daniel arap Moi alikuwa muumini wake, lilijiondoa katika NCCK mwaka 1986, na yapo makanisa mengine yaliyotangaza utiifu kwa serikali. Tofauti hii inatufunza kwamba msimamo juu ya ufisadi haukuamuliwa na Biblia peke yake, maana wote walisoma Biblia ile ile. Uliamuliwa pia na ukaribu wa kila kanisa na Ikulu.

4.0 Kutoka mimbarini hadi ofisini, 1999–2023

Mwishoni mwa 1999 viongozi wa dini mbalimbali walianzisha mchakato wa wananchi wa kurekebisha katiba, uliopewa jina la jumba la Ufungamano jijini Nairobi walimokutania. Mwaka 2001 mchakato huo uliunganishwa na ule wa tume ya serikali iliyoongozwa na Yash Pal Ghai. Baada ya uchaguzi wa 2002 kuiondoa KANU madarakani, wengi waliokuwa nje ya serikali waliingia ndani, na uhusiano wa kanisa na dola ukabadilika. Mchungaji Mutava Musyimi, katibu mkuu wa NCCK, aliiongoza kamati ya kitaifa ya kampeni dhidi ya ufisadi iliyoundwa na serikali mpya, kisha mwaka 2007 akachaguliwa mbunge wa Gachoka. Kashfa ya Anglo Leasing ilipofichuka mwaka 2004, sauti ya makanisa haikuwa na uzito ule wa miaka ya mlolongo. Ni vigumu kumkemea mtu ambaye jana mliandamana pamoja.

Uchaguzi wa Desemba 2007 na machafuko yaliyoufuata ulilifikisha kanisa mahali pa aibu. Mwaka 2008 NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa na hivyo walishindwa kuwa wapatanishi. Tamko hilo lilikuwa la kijasiri. Hata hivyo linaonyesha kwamba aliyekwisha kujiunga na upande hawezi kuwa shahidi, hata akisema kweli.

Mwaka 2010 tunakutana na kinaya kikubwa zaidi. Rasimu ya katiba iliyopigiwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti ilikuwa na sura ya sita juu ya uongozi na uadilifu, sura ambayo kwa mara ya kwanza iliyaweka maadili ya watumishi wa umma katika sheria kuu ya nchi. Makanisa mengi yaliyokuwa yamedai uadilifu huo kwa miongo miwili yaliipinga rasimu hiyo, kwa sababu ya ibara iliyohusu utoaji mimba na ile iliyozitambua mahakama za Kadhi. Wapiga kura, ambao wengi wao walikuwa waumini wa makanisa hayo hayo, waliipitisha.

Chini ya katiba mpya, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC) iliundwa mwaka 2011. Mwaka 2017 Askofu Mkuu mstaafu wa Anglikana, Eliud Wabukala, alifanywa mwenyekiti wake, na mwaka 2023 nafasi hiyo ikachukuliwa na askofu mwingine mstaafu, David Oginde. Uteuzi wa maaskofu wawili mfululizo unaonyesha kwamba umma bado uliliona joho la kasisi kuwa ishara ya uadilifu. Lakini tume hiyo huchunguza tu. Mamlaka ya kushtaki yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na ya kuhukumu yako mahakamani. Askofu aliyetoka mimbarini kwenda ofisini alipata mafaili na wachunguzi, na badala yake alipoteza uhuru wa kusema kabla ya ushahidi kukamilika.

5.0 Mchango mbele ya madhabahu

Tumefika sasa kwenye kiini cha hoja yetu. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya 2003 iliwazuia watumishi wa umma kutumia nyadhifa zao kukusanya michango ya harambee. Ibara ya 76 ya katiba ya 2010 nayo inasema kwamba zawadi anayopewa afisa wa serikali katika hafla ya umma ni mali ya Jamhuri. Sheria hizi zimemtazama zaidi afisa anayepokea au anayeomba. Afisa anayetoa amebaki na nafasi pana, na hakuna mahali ambapo kutoa kunasifiwa kama kanisani. Mtu akimpa karani bahasha, sote tunajua jina la bahasha hiyo. Akimpa mchungaji bahasha nene zaidi mbele ya kamera, huitwa mfadhili, huombewa, na hukaribishwa kusalimu waumini.

Viongozi kadha wa kanisa wameitambua hatari hii. Mwezi Oktoba 2019, katika kituo cha hija cha Subukia, maaskofu Wakatoliki walizindua kampeni ya miezi sita dhidi ya ufisadi, na wakatangaza kwamba michango ya wanasiasa isitolewe kwa fedha taslimu bali kwa njia zinazoacha kumbukumbu, kama hundi. Tarehe 12 Septemba 2021, katika ibada ya kumweka wakfu Rose Okeno kuwa askofu wa Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana aliwanyima wanasiasa waliohudhuria, wakiwamo Raila Odinga na Musalia Mudavadi, nafasi ya kuhutubia kanisani.

Tukio la Novemba 2024 linastahili kutazamwa kwa makini. Tarehe 14 maaskofu Wakatoliki walitoa tamko lililoikosoa serikali vikali kuhusu ahadi zisizotimizwa, utamaduni wa uongo na ufisadi. Tarehe 17 Rais William Ruto alihudhuria ibada katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na baraza la parokia na milioni 2 kwa ujenzi wa nyumba ya padri, na kuahidi milioni 3 zaidi pamoja na basi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha zilizotolewa zirejeshwe na ahadi zisipokelewe. Miongoni mwa sababu alizotaja ni haja ya kulilinda kanisa lisitumiwe kisiasa, na muswada wa 2024 kuhusu michango ya umma.

Katika siku nne tamko la maneno lilifuatwa na tamko la matendo, na la pili ndilo lililolipa la kwanza uzito. Kama fedha hizo zingebaki parokiani, tamko la tarehe 14 lingekuwa karatasi. Hali kadhalika ni muhimu kukumbuka kwamba tukio hili lilikuja miezi michache baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, ambayo pamoja na kuupinga muswada wa fedha, yaliyashutumu pia makanisa kwa kuwapa wanasiasa jukwaa. Yaani safari hii mashtaka yalitoka benchini kwenda madhabahuni. Wala mjadala haukuishia hapo. Mwezi Machi 2025 rais huyo alitoa shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la kipentekoste huko Roysambu, na vijana wakaandamana kupinga.

6.0 Mjadala

Zipo hoja zinazopinga msimamo tunaoutetea, nazo hazipaswi kudharauliwa. Ya kwanza ni ya mahitaji. Kanisa la kijijini lenye waumini wakulima huweza kujenga kwa miaka kumi na tano bila kuezeka, na mgeni mmoja akalimaliza kwa asubuhi moja. Ya pili ni kwamba si kila fedha ya mwanasiasa ni ya wizi, na mchungaji hana njia ya kuipima noti. Ya tatu ni ya kiteolojia: milango ya kanisa iko wazi kwa wenye dhambi, na toba yaweza kuanza kwa kutoa.

Hoja ya tatu inajibiwa na matini ya Injili yenyewe. Katika Luka sura ya 19, Zakayo mtoza ushuru anaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hakuna fungu analopeleka hekaluni. Fidia inakwenda kwa aliyedhulumiwa. Aidha katika Mathayo sura ya 27, wakuu wa makuhani wanakataa kuvirudisha katika sanduku la hazina vile vipande thelathini alivyovitupa Yuda, kwa kuwa ni thamani ya damu. Hata hao, ambao Injili haiwasifu, walitambua kwamba si kila fedha inafaa kuingia mahali patakatifu. Hoja ya pili nayo inajibika kwa utaratibu. Anayetoa fedha zinazozidi mno mshahara wake unaojulikana ndiye anayewajibika kueleza chanzo chake, na mpokeaji ana haki ya kuuliza kabla ya kupokea. Hoja ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu umaskini ni wa kweli. Lakini fedha iliyoezeka kanisa yaweza kuwa ndiyo iliyokosekana katika zahanati ya kijiji hicho hicho. Waumini hupokea kama fadhila sehemu ndogo ya haki yao.

Ni kweli pia kwamba kukataa mchango hakumkamati mwizi. Kanisa haliwezi kuwa mahakama wala mkaguzi wa hesabu. Kile linachoweza kufanya ni kumnyima mwizi heshima, na heshima ndiyo bidhaa anayokuja kuinunua. Kwa ajili hiyo, kanisa linaloweka hesabu zake wazi kwa waumini hutoa mafunzo ya uwajibikaji yanayozidi mahubiri. Muumini aliyezoea kuuliza matumizi ya sadaka hatashindwa kuuliza matumizi ya kodi.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba katika miaka ya mlolongo kanisa lilikuwa na nguvu kwa kuwa lilisimama nje ya meza ya watawala, na lilitumia matini yanayofahamika kuyapa maovu majina yake. Baada ya 2002, ukaribu na serikali, uegemeaji wa 2007 na msimamo wa 2010 viliipunguza nguvu hiyo. Matukio ya 2019 hadi 2025 yanaonyesha juhudi ya kuirejesha, na pia upinzani mkubwa uliomo ndani ya makanisa yenyewe.

Kwa mwanafunzi wa lugha, funzo ni kwamba vita dhidi ya ufisadi ni pia vita vya maana. Kila mara neno sadaka linapotumika kuvisha mlungula, jamii hupoteza vitu viwili kwa pamoja: fedha za umma, na neno la kumtaja mjane anayetoa alichonacho. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu lugha ya hafla za michango, hasa salamu, utambulisho wa wageni na maombi ya kuwashukuru wafadhili. Ni katika maneno hayo ya kawaida ambapo mpokeaji hulipa deni lake, mara nyingi bila kujua kwamba analilipa.